Mashahidi Wanne

Simu nne za mitumba, moja kioo chake
kimepasuka kama mbuga ya Kishapu kiangazi.
Ya kwanza nimeifunga kwa mpira wa baiskeli
kwenye nguzo ya kamba ya nguo.
Ya pili dirishani, imeegemea kopo la maziwa ya unga.
Ya tatu juu ya jiwe:
sisi wa Mabatini upande ule hatuna ukuta,
tuna jiwe. Lilikuwepo kabla ya hati ya kiwanja,
na fundi aliyejenga alilipigia nyundo siku tatu
kisha akaomba nauli.
Ya nne ameishika Mhoja. Nimemwambia asipumue.

Nikashuka kinyozini kwa Lufunga
kuazima ubao wa drafti.
"Unacheza na nani?"
"Na kamera."
Akanipa ubao, vizibo akabaki navyo mfukoni,
hakuona sababu ya kamera kupewa kete.
Nikauzungusha uani, juu, chini, ubavuni,
mweusi mweupe, mweusi mweupe,
hadi simu zote nne zikakubaliana
kila moja imesimama wapi, inatazama wapi.
Ukoo wetu haujafika hapo
tangu kikao cha kugawana shamba la Magu.

Halafu kofi moja, pa!
ili saa zao zianze pamoja.
Kuku akaruka. Naye yumo.

"Nivae nini?" akauliza shangazi Nyanzala.
Aliwahi kuona kwenye runinga
watu waliobanwa nguo nyeusi, wamebandikwa vipira mwili mzima.
"Vaa hivyo hivyo. Mashine itabahatisha yenyewe
bega, kiwiko, goti, nyonga."
"Ibahatishe nyonga yangu?"
Akacheka mpaka akatafuta kigoda.
Kisha akainuka, beseni la dagaa kichwani,
akakatiza ua kama anavyoukatiza kila asubuhi,
na upepo wa ziwa ukipanda kilimani nyuma yake.

Usiku kucha kompyuta ilichemka kama maharage.
Umeme ulikatika mara mbili, nikaanza mara tatu.
Wadudu wa ziwani wakajaa kwenye mwanga wa kioo,
nikiwafuta, nafuta na mistari.

Alfajiri akatokea: nukta na vijiti,
hana uso, hana kanga.
Beseni halikuandikwa popote,
lakini shingo, itazame shingo,
bado imelibeba.

Na mlangoni, mtu wa pili.
Mabega mapana, magoti yanatetereka,
anawaka, anazima, anawaka.
Nikadhani Mhoja. Mhoja alikuwa nyuma ya simu.
Nikarudisha picha taratibu:
koti la mvua la baba Shija,
lipo msumarini tangu masika yale,
hakuna aliyelitoa, hakuna aliyeuliza kwa nini.
Upepo uliingia mkono wa kulia, ukatoka.

Simu ya dirishani ilimwona.
Ya jiweni ilimwona.
Ya kambani ilisema hakuna mtu hapo,
na ya Mhoja ilikuwa inatetemeka.
Mimi mwenyewe nilikuwa nimeweka sheria:
asiyeonwa na watatu, futa.
Uhakika wake, sifuri nukta tatu.

Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe.
Sikumsikia shangazi akiingia na chai.
"Ndivyo alivyokuwa akisimama," akasema.
"Uzito wote mguu wa kushoto."
Nikamweleza: koti halina miguu,
miguu imebuniwa na mashine.
"Imebuni vizuri."
Kisha, "Wanatakiwa mashahidi wangapi?"
"Watatu."
Akahesabu kwa kidole chenye harufu ya dagaa:
"Dirisha. Jiwe."
Hakuendelea.
Akakitua kikombe kwenye ubao wa drafti,
akaenda kuanika.

Nimehifadhi faili mbili.
Moja safi, ya kazi.

Lufunga amekuja kuudai ubao wake mara ya pili sasa.
Namwambia bado naupima.
Mraba mmoja mweupe una duara la chai,
nimesugua, halitoki.